Ndege wa Amani: Bidhaa inayouzwa bila kutoka ghalani

Katika soko la Muheza kila kitu kina kipimo chake. Machungwa huhesabiwa, iliki hupimwa kwa kilo, mbao kwa futi. Asiyejua kipimo hupata hasara siku ya kwanza, na siku ya pili hujifunza. Lakini kuna bidhaa moja inayopita katika mji huo kila msimu, ndani ya gari moja lililojaa vumbi, ambayo wafanyabiashara wake hawajaiwekea kipimo.

Gari hilo hubeba wageni sita au wanane, wengi wao wastaafu kutoka Ulaya na Marekani, kila mmoja akiwa na darubini kifuani. Halikawii mjini. Linakata kuelekea Sigi, linapanda mlima hadi Amani, na baada ya siku tatu au nne linateremka na kushika njia yake. Wageni hao hawakuja kuona simba wala kuota jua ufukweni. Wamekuja kutazama ndege wa msituni, na kwa safari nzima ya wiki mbili au tatu kila mmoja wao amelipa maelfu ya dola.

Swali ambalo mwenye duka, mwenye nyumba ya wageni na mwenye akiba ndogo wanapaswa kujiuliza ni hili: gari hilo limeacha nini Muheza? Mara nyingi jibu ni mafuta ya gari na soda chache. Hilo ni kosa linalostahili kurekebishwa. Dawa yake, hata hivyo, si ile inayotajwa kila utalii unapozungumzwa, yaani kuleta magari mengi zaidi. Biashara ya kutazama ndege ina bei nzuri kwa sababu ni ndogo. Anayetaka kuikuza kwa kuongeza vichwa ataiua bidhaa yenyewe. Anayetaka kufaidika nayo aweke fedha zake pale thamani inapotengenezwa, nako ni katika sikio la mwongoza wageni wa kijijini na katika msitu uliosimama.

MSITU ULIOUZWA MARA NYINGI

Milima ya Usambara Mashariki haikuanza leo kufanya biashara. Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo hapo Amani mwaka 1902, na wakajenga reli ndogo kutoka Tengeni hadi Sigi ambayo ilitumika kuteremsha magogo. Nyumba ya mkuu wa stesheni ya Sigi ingali imesimama, na leo ndiyo inayowapokea wageni wa hifadhi. Baadaye ikaja chai. Ikaja iliki, iliyopandwa chini ya kivuli cha miti mikubwa. Katika miaka ya 1970 na 1980 ukaja uvunaji wa magogo kwa mashine, uliofadhiliwa na Finland. Ilipodhihirika kuwa msitu unakwisha, uvunaji huo ulisitishwa, na Finland hiyohiyo ikageuka kugharamia uhifadhi. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ikatangazwa rasmi mwaka 1997. Hata baada ya hapo, mwaka 2003, wachimbaji wadogo wa dhahabu walimiminika milimani na kuanza kuchimbua vijito.

Bidhaa zote hizo, ukiacha chai na iliki ambazo angalau huota tena, zilikuwa na tabia moja: ili ziuzwe, ilibidi ziondoke mlimani, na zikishaondoka hazirudi. Gogo huuzwa mara moja. Punje ya dhahabu huuzwa mara moja. Kilichobaki nyuma ni mashimo na maji ya matope katika Mto Zigi, mto uleule ambao bwawa lake la Mabayani huwapa maji wakazi wa Tanga mjini.

Upo mfano mwingine ambao kila mfanyabiashara wa mkoa huo angepaswa kuujua. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alivutiwa na ua dogo la zambarau lililoota porini katika eneo la Tanga na Usambara. Mbegu zilipelekwa Ujerumani, na mwaka uliofuata ua hilo likaingia katika vitabu vya sayansi kwa jina la Saintpaulia. Leo hukuzwa na kuuzwa katika vyungu vya madirishani kote Ulaya na Marekani. Mkulima wa Muheza haoni hata senti ya biashara hiyo, wala hana mlango wa kubisha, kwa kuwa mbegu ikishatoka, aliye na banda la kisasa ndiye mwenye mali.

Ndege wa msituni ni kinyume cha ua hilo. Pale Amani yupo ndege mdogo asiye na rangi ya kuvutia, mwenye mdomo mrefu mwembamba, ambaye jina lake la kisayansi limetokana na R. E. Moreau, Mwingereza aliyehamia Amani mwaka 1928 na kuwachunguza ndege wa milima hiyo kwa miaka mingi. Ndege huyo aliandikwa katika sayansi mwaka 1931. Tangu hapo hadi leo anajulikana kuishi mahali pawili tu duniani: Usambara Mashariki na Serra Jeci, kaskazini mwa Msumbiji. Hapandwi katika chungu, wala hakuna banda la kisasa litakalomzalisha kwa ajili ya madirisha ya Ulaya. Anayemtaka lazima akate tiketi na apande mlima. Kwa lugha ya soko, hii ni bidhaa ambayo ghala lake liko kijijini, na haiwezi kuhamishwa.

HERI KENDA SHIKA?

Wahenga walisema heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Kwa miaka mingi biashara ya ndege nchini iliendeshwa kwa methali hiyo: aliyekamatwa na kutiwa kizimbani ndiye aliyekuwa na bei. Katika miaka ya 1980 kasuku mdogo wa Fischer, ambaye asili yake ni kaskazini mwa Tanzania, alikuwa miongoni mwa kasuku wa porini waliouzwa kwa wingi zaidi duniani. Walionufaika walidhani soko hilo halitafungwa.

Lilifungwa, tena mlango kwa mlango. Marekani ilipitisha sheria ya kubana uingizaji wa ndege wa porini mwaka 1992. Umoja wa Ulaya ulisimamisha uingizaji huo mwaka 2005 kwa hofu ya mafua ya ndege, na mwaka 2007 ukaufanya kuwa marufuku ya kudumu. Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania nayo ikapiga marufuku usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi. Marufuku hiyo iliwagusa hata wafugaji wa vipepeo wa Amani, ambao hawakuwa wakikamata wadudu porini bali wakiwafuga vijijini na kuuza mabuu kwa maonyesho ya Ulaya. Mtu aliyekuwa na soko jana aliamka hana.

Funzo kwa mwekezaji ni la wazi. Bidhaa inayovuka mpaka inaweza kusimamishwa kwa saini moja, ya huku au ya kule. Ndege anayetazamwa akiwa mtini hahitaji kibali cha kusafirishwa, hafi njiani, hali chakula cha mfanyabiashara, na akishatazamwa na kundi la Juni anabaki pale pale kwa kundi la Septemba. Ndege mmoja aliye kizimbani ana mnunuzi mmoja. Aliye mtini ana wanunuzi wasiohesabika, mradi tu asifukuzwe.

Kisa cha kwale wa Udzungwa kinaonyesha jambo hilo vizuri kuliko hesabu yoyote. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark waliokuwa wamepiga kambi katika milima hiyo waliona ndani ya sufuria miguu ya ndege wasiyemfahamu. Ikagundulika kuwa ni aina ya kwale ambayo sayansi haikuwahi kuiandika, na mwaka 1994 ikatangazwa rasmi. Kwale yule wa sufuriani alitosha mlo mmoja. Ndugu zake walio hai huwafanya wageni wapande mlima kwa miguu, walale katika mahema, na kulipia wapagazi, mpishi na mwongoza wageni kwa kila siku wanayokaa msituni.

Hata hivyo methali ya wahenga haikufa. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipozuia ndege za abiria, bidhaa ilikuwa ipo mtini lakini mnunuzi hakuweza kufika. Aliyekuwa ameacha shamba lake lote akitegemea wageni alilala njaa. Kwa hiyo kenda za kushika, yaani shamba, duka au ng'ombe, zisiachwe. Kutazama ndege ni nyongeza ya kipato, na anayekopa kwa kuweka rehani nyumba yake kwa ajili ya nyongeza anacheza kamari.

KWA NINI WANANE NA SI AROBAINI

Wapo wanaosema kuwa biashara ya wageni wanane haiwezi kuinua wilaya. Wanataka barabara pana, hoteli kubwa na mabasi, kama ilivyo kwenye mbuga za kaskazini. Hoja hiyo inaeleweka, lakini inasahau kinachouzwa ni nini.

Tembo wa mbugani huonekana na basi zima kwa wakati mmoja. Ndege wa msituni haonekani hivyo. Njia za Amani ni nyembamba na watu hutembea mmoja nyuma ya mwingine. Mwongoza wageni husikia mlio juu ya matawi, husimama, huinua mkono, na kwa sekunde chache ndege huonekana kati ya majani kabla hajahama. Wa kwanza na wa pili wanamwona. Wa tano anamwona kama amejaliwa. Wa kumi anaona tawi linalotikisika, na ametoa fedha sawasawa na wa kwanza. Kundi likizidi watu wanane au kumi, kila kichwa kinachoongezwa kinapunguza thamani ya waliotangulia. Udogo wa kundi si dalili ya upungufu wa wateja. Ndio ubora unaolipiwa.

Kadhalika saa za kazi. Ndege wa msituni hufanya shughuli zao kuanzia alfajiri hadi kiasi cha saa nne asubuhi, kisha msitu hunyamaza, na jioni huchangamka tena kidogo. Usiku ni zamu ya bundi. Katika biashara nyingi msemo wa biashara asubuhi, jioni mahesabu ni utani wa dukani. Katika hii ndiyo ratiba yenyewe. Mgeni aliyepewa kifungua kinywa saa mbili asubuhi amekwishaibiwa nusu ya bidhaa aliyoinunua.

Basi la watu arobaini likifika saa tano mchana na kuondoka saa tisa, halitaona ndege, halitalala, na litaacha tiketi za kiingilio na chupa tupu za maji. Zaidi ya hayo litawafukuza wale wanane, kwa kuwa makampuni yanayowaleta yana orodha ya misitu mingine ya kwenda, kuanzia Arabuko-Sokoke nchini Kenya hadi Bwindi nchini Uganda. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Amani ikianza kujitembeza kwa mabasi itakuwa imekwishakuwa kibaya.

BEI INAPANGWA WAPI

Mkulima wa machungwa wa Muheza anaifahamu hadithi hii. Dalali hufika shambani matunda yakiwa mtini, anataja bei, na mkulima asiye na ghala, gari wala kiwanda hukubali kwa kuwa chungwa halisubiri. Mwongoza wageni wa kijijini yuko katika hali ileile, ingawa bidhaa yake haiozi.

Safari ya kutazama ndege kwa kawaida huuzwa mbali, mwaka mmoja kabla au zaidi, na kampuni ya nje yenye orodha yake ya wateja wanaorudi kila mwaka. Kampuni hiyo huleta kiongozi wake. Chini yake kuna kampuni ya ndani, mara nyingi ya Arusha au Dar es Salaam, inayotoa gari, dereva na vitanda. Chini kabisa, mwishoni mwa mnyororo, yupo mtu wa Amani anayelipwa kwa siku, pamoja na bakhshishi ikiwa wageni wameridhika. Kila aliye juu yake amekwishapanga bei na mwenzake kabla yeye hajaambiwa wageni wanakuja lini.

Si haki kusema kuwa wote walio juu ni wanyonyaji. Kampuni ya nje inauza kitu cha kweli, nacho ni uaminifu. Mteja wa London humlipa mtu anayemjua, mwenye bima, anayeweza kudaiwa safari ikiharibika. Kampuni ya Arusha nayo ina gari lisiloharibika njiani. Tatizo ni kwamba kitu kinachoifanya safari ifanikiwe au ishindwe kiko mikononi mwa yule wa mwisho. Kiongozi aliyetoka Ulaya anajua sura na mlio wa ndege kutokana na vitabu na safari zilizopita. Lakini ndege yuko katika mtambaa gani asubuhi hii, hilo analijua aliyepita hapo jana na juzi.

Wala hilo si jipya. Moreau mwenyewe, pamoja na elimu yake yote, aliajiri wazawa wa kukaa karibu na viota na kuhesabu ni mara ngapi wazazi huleta chakula, na kazi zake nyingi zilijengwa juu ya macho yao. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Malindi, yupo bundi mdogo sana anayefanana na jani kavu, ambaye hupatikana pia katika misitu ya chini ya Usambara Mashariki. Mchana hulala katika kichaka bila kutikisika, na mgeni anaweza kupita hatua mbili kutoka kwake asimwone. Waongoza wageni wa huko hufuatilia alipolala, na ndiyo maana mgeni aliyetoka bara jingine humtazama kwa dakika kumi na kuondoka ameridhika. Habari ya mahali alipolala bundi yule ni mtaji kamili, kama ilivyo orodha ya wateja ya kampuni ya London. Tofauti ni kwamba mmoja ameuandika mtaji wake na kuusajili, mwingine anauuza kwa ujira wa siku. Mali bila daftari hupotea bila habari.

MAHALI PA KUWEKA SHILINGI

Kabla ya kutoa ushauri ni vema kupiga hesabu, kwa kuwa mapenzi ya ndege hayajazi mfuko. Chukua mfano wa makundi sita kwa mwaka, kila kundi lina wageni wanane wanaolala siku tatu. Hayo ni malazi ya vitanda 144. Nyumba ya vyumba vinne vyenye vitanda viwili viwili ingejaa kwa siku 18 tu katika mwaka mzima. Siku nyingine 347 ingebidi iishi kwa wateja wengine: watafiti, wanafunzi, maofisa walio safarini. Anayefikiria kujenga vyumba thelathini kwa mkopo wa benki kwa ajili ya watazama ndege na aitazame hesabu hii mara mbili. Riba hailali siku wageni wasipokuwepo.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoonyesha faida iko wapi. Kwa kuwa siku ni chache, kipato lazima kitoke katika ubora wa kila siku. Hapo mwenye mtaji mdogo ana nafasi ambayo mwenye mtaji mkubwa haioni.

Kwanza ni waongoza wageni wenyewe. Darubini nzuri, kitabu kama kile cha ndege wa Afrika Mashariki cha Terry Stevenson na John Fanshawe kilichotoka mwaka 2002, masomo ya Kiingereza, na simu yenye salio la kujibu barua za wateja kwa wakati: vyote hivyo kwa pamoja ni mtaji mdogo kuliko pikipiki moja ya bodaboda. Chama cha kuweka na kukopa kinachokopesha kwa ajili ya pikipiki kinaweza kukopesha kwa ajili ya darubini. Waongoza wageni watano walio katika kikundi kimoja kilichosajiliwa, chenye bei moja iliyoandikwa na daftari la ndege walioonekana kila siku, wanaweza kukaa mezani na kampuni ya Arusha kama wauzaji. Mmoja mmoja watabaki vibarua.

Pili ni jiko na kitanda. Mgeni wa aina hii hahitaji bwawa la kuogelea. Anahitaji chai na mkate saa kumi na moja alfajiri, maji ya moto jioni, mahali pa kukausha viatu, taa ya kuandikia orodha yake na ukimya. Nyumba yenye vyumba vitatu inayotimiza hayo bila kukosea itatajwa kwa jina katika taarifa za safari, na kundi lijalo litaiomba. Mboga, mayai, kuku na ndizi vinaweza kutoka vijiji vinavyozunguka hifadhi badala ya kupakiwa garini tangu Arusha.

Tatu, na hili ndilo linalosahaulika, ni kijiji chenyewe. Katika muongo wa 2000 zaidi ya wakulima 1,000 walilipwa fidia ili waache mashamba yao, hasa ya iliki, katika eneo la Derema, lililohifadhiwa ili kuunganisha misitu ya Amani na ile ya kaskazini. Fidia ni malipo ya mara moja. Mtoto aliyezaliwa baada ya hapo anauona msitu uliochukua shamba la baba yake na hana gawio lolote ndani yake. Asipoona kipato kutoka kwa ndege, shoka na sululu vitamshawishi, na mwaka 2003 ulionyesha kuwa ushawishi huo haukawii. Mwekezaji anayeingia katika biashara hii bila mkataba ulioandikwa wa kukipa kijiji sehemu ya kila kundi anajenga duka juu ya ghala lisilo na mlinzi.

AKIBA NAYO HUCHOKA

Lipo onyo moja la mwisho kwa wale watakaoingia. Zipo njia za mkato za kumtoa ndege majanini, na iliyozoeleka ni kupiga mlio wake uliorekodiwa. Ndege husikia, hudhani mshindani ameingia katika eneo lake, na hujitokeza kwa hasira. Mgeni hufurahi na bakhshishi huongezeka. Lakini ndege aliyeitwa hivyo kila asubuhi hupoteza muda wa kula na kulisha makinda, na mwishowe huacha kuitika au huhama. Hiyo ni sawa na mkulima anayekula mbegu. Kikundi cha waongoza wageni kinachojiheshimu kitajiwekea mwiko: mlio usipigwe wakati wa kutaga, na usipigwe mara kwa mara mahali pamoja. Mteja akilalamika aelezwe sababu. Watazama ndege wengi ni watu wa kuelewa jambo hilo, na baadhi yao wataithamini zaidi kampuni inayokataa.

Onyo hilo linahusu pia majengo. Yule ndege mwenye mdomo mrefu aliyepewa jina la Moreau, ambaye ndiye sababu ya wengi kupanda Amani, hapendi bustani safi. Huishi katika mitambaa iliyosokotana pembezoni mwa msitu na kwenye mapengo ya miti iliyoanguka, na mara kwa mara wageni wamemwona karibu kabisa na nyumba za hapo Amani. Mwenye nyumba mwenye nia njema, anayetaka kuwapendezesha wageni wake, anaweza kumkabidhi kijana panga na kumwambia asafishe kiunga. Kwa saa moja na ujira wa kibarua mmoja atakuwa ameifyeka bidhaa ambayo wateja wamevuka bahari kuifuata.

Kwa hiyo mwenye akiba anayefikiria kuagiza saruji kwa ajili ya msimu ujao na aanze kwa jambo lisilo na gharama. Apande Amani alfajiri moja, amtafute mwongoza wageni wa pale, amlipe siku yake kama wageni wanavyomlipa, na amuulize ni mtambaa upi usikatwe. Jibu atakalopewa ndilo ramani ya kiwanja chake.